Chachu haina hatia

Kitenzi "chacha" kina sura mbili katika Kiswahili. Pombe ikichacha, mtengenezaji hufurahi. Maharagwe yakichacha, mpishi huyamwaga. Neno ni lile lile, lakini moja ni kazi iliyotimia na la pili ni uharibifu. Mimi ni mwanaisimu, wala si mgema, na nisingeuvamia uwanja wa wenyewe lau utata huu ungebakia katika kamusi. Kwa bahati mbaya umeingia katika siasa zetu za vileo. Tumezoea kuita kila kinywaji cha nyumbani "pombe haramu", tukakiweka chungu cha busaa na pipa la sumu katika kapu moja.

Wazee wetu walijua kutofautisha. Katika nyanda za kati, tunda la mwegea, ambalo Wakikuyu huliita muratina, hupasuliwa, likakaushwa juani na kutiwa katika maji ya asali au ya miwa. Pombe ikishaiva, tunda halitupwi. Hutolewa, likaanikwa tena na kuhifadhiwa hadi siku nyingine, kwa kuwa nyuzi zake zimeshika chachu. Watu hao hawakuwa na hadubini, lakini walifahamu kwamba chachu njema ni mali ya kutunzwa.

Sayansi ilikuja baadaye kueleza sababu. Katika karne ya 19 Louis Pasteur wa Ufaransa alionyesha kwamba chachu ni kiumbe hai kinachokula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa. Mnamo 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kukuza chachu safi kutokana na chembe moja tu. Tangu hapo viwanda vikubwa vya bia huvuna chachu ya pipa moja na kuitia katika pipa jingine. Kwa hiyo anayehifadhi chachu nyumbani hafanyi ushenzi. Anafanya kwa kipimo kidogo kile kinachofanywa viwandani. Tofauti kubwa iko katika usafi.

Na usafi huo unaweza kufundishwa. Kinywaji kikishatulia na kumiminwa, chini hubakia sira. Sira yote si chachu: makapi mazito hukaa chini kabisa, na chachu yenyewe, nyeupe kama krimu, hukaa juu yake. Chemsha maji kwa dakika kumi au zaidi, yafunike hadi yapoe kabisa, kisha uyatie katika sira na ukoroge. Subiri takriban nusu saa. Makapi yatazama, nawe utamimina yale maji mazito ya juu katika chupa ya kioo iliyochemshwa. Iweke katika jokofu, penye baridi ya nyuzi 4 hivi. Kifuniko kisikazwe, kwani chachu huendelea kutoa hewa, na chupa iliyozibwa kabisa huweza kupasuka. Itumie kabla ya majuma mawili kwisha. Ikikaa zaidi, ijaribu kwanza katika maji kidogo ya sukari yaliyochemshwa na kupoa. Isipotoa povu, imekufa.

Kuna na miiko. Usivune chachu kutoka pombe iliyogeuka siki, yenye harufu ya kuoza, au iliyofanya utando au ukungu juu. Usivune kutoka pombe kali mno, kwa maana kileo kingi huidhoofisha chachu yenyewe. Tena usiirudie bila kikomo: baada ya mara tano hivi, ni busara kuanza upya, kwa sababu kila mzunguko hukaribisha wadudu wasioonekana. Asiye na jokofu na afuate njia ya muratina: kukausha upesi katika jua kali na kuhifadhi mahali pakavu penye hewa.

Hata hivyo, chachu haiwezi kuokoa kila kitu. Nafaka iliyoota kuvu hubeba sumukuvu, nayo haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kuchachushwa. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika mkoa wa Mashariki wa wakati huo. Anayedhani kwamba mahindi yasiyofaa kwa ugali yanafaa kwa busaa anajidanganya na kuhatarisha wenziwe.

Hatari nyingine haitoki katika chungu kamwe. Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walikufa jijini Nairobi kwa kunywa kumi kumi iliyotiwa methanoli. Februari 2024 vifo vya pombe yenye sumu vilirudi, safari hii katika kaunti ya Kirinyaga. Chachu inayokula nafaka haitoi methanoli ya kiasi cha kuua. Methanoli hiyo ni kemikali ya viwandani, na hutiwa na mkono wa mtu mwenye tamaa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Afadhali huyo wa maji!

Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010 iliondoa marufuku ya chang'aa na kumtaka mtengenezaji apate leseni na kufuata viwango. Lakini leseni haimfundishi mtu kuchemsha chupa. Misako ya polisi nayo humwaga busaa mchana, na muuza methanoli akaendelea na biashara yake usiku. Mama mwenye ujuzi wa kweli hujificha, ujuzi wake ukajificha pamoja naye, na kijana anayerithi kazi hurithi haraka bila miiko.

Simhimizi mtu yeyote anywe, na asiyekunywa ana heri yake. Ninalodai ni kwamba maafisa wa afya wa kaunti wawafundishe watengenezaji usafi wa chachu na hatari ya sumukuvu kwa lugha wanazozielewa, na kwamba sisi waandishi na viongozi tuache kuita vitu viwili kwa jina moja. Busaa iitwe busaa. Methanoli iitwe sumu, na anayeiuza aitwe muuaji.