Chapati twazila, waliozileta twawajua?

Mpenzi msomaji, huenda unasoma ukurasa huu huku umeshika kipande cha chapati. Endelea kula, lakini nikuulize swali moja: ni lini uliketi kula pamoja na Mkenya wa asili ya Kihindi, si dukani kwake wala kiwandani, bali nyumbani?

Nadhani nalijua jibu lako, kwa sababu hadi mwaka jana lilikuwa langu pia.

Chapati, bajia, kachumbari, hata neno 'laki' tunalohesabia pesa, vyote vilitufikia kutoka Bara Hindi. Wafanyabiashara wa Gujarat walitweka matanga hadi pwani yetu karne nyingi kabla ya reli. Kisha, kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Takriban 2,500 walikufa kazini. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Mnamo Julai 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili hiyo kuwa kabila la 44.

Kabila la 44, naam, lakini ujirani hauletwi na tangazo la serikali. Mzee wa miaka hamsini kuitwa 'boi' na mtoto wa mwajiri wake ni jambo linalouma, wala sitalifunika. Lakini nasi, ni mara ngapi tumelitamka neno 'Muhindi' kana kwamba ni tusi?

Mwaka jana binti yangu wa miaka kumi na mmoja alirudi kutoka shuleni na mwaliko. Rafiki anayeketi naye dawati moja alitualika kwenye Navratri, sherehe ya Wahindu ya usiku tisa, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Mamangu, aliyekuwa ametutembelea, alikuja juu. "Utampeleka mtoto wa kanisa kucheza ngoma ya miungu ya watu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia tunakwenda kutazama tu.

Tulivua viatu mlangoni mwa ukumbi mmoja mtaani Parklands. Katikati paliwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa. Wanawake waliovaa sketi pana zenye vioo vidogo walikizunguka wakipiga makofi kwa pamoja. Hiyo ndiyo garba, ngoma ya watu wa Gujarat. Jina lake latokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi: chungu ni mama, na taa ni uhai alioubeba. Mnamo Desemba 2023 UNESCO iliiorodhesha ngoma hiyo miongoni mwa turathi za utamaduni wa binadamu. Baadaye ilifuata dandiya, inayochezwa wawili wawili kwa vijiti.

Nyanya ya yule msichana, ambaye wajukuu humwita Ba, alinitia vijiti mikononi. Nilimgonga vidole mara mbili. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Mama, hapa hakuna anayekuuliza dini. Anayesali anasali, anayecheza anacheza."

Halafu akaongeza neno lililonichoma. "Mimi nilizaliwa Kisumu. Nina miaka sabini na miwili. Hakuna Mwafrika aliyewahi kunikaribisha kwake. Na kusema kweli, mimi pia sikuwakaribisha, mpaka watoto hawa walipotushinda."

Desemba ilipofika nilimwalika. Mamangu alinuna siku mbili, hasa aliposikia kwamba mgeni hali nyama. "Mgeni gani huyo hachinjiwi hata kuku?" Hata hivyo alipika mukimo na ndengu. Ba alipoonja ndengu, aliuliza kwa upole mbona jira haikukaangwa kwanza. Mamangu akamjibu kwamba kwao ndengu haitaki madaha. Wote wawili waliishia jikoni, mmoja akikaanga, mwingine akionja na kukosoa.

Hadi leo mamangu hataki kusikia habari ya kucheza garba, na ni haki yake. Lakini jira haikosi tena jikoni kwake.

Ndugu zetu wa Pwani walilijua jambo hili zamani. Sikiliza taarab ya Mombasa, utasikia tabla na hamoniamu. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipendwa kwa kuimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na bado alibaki Mswahili kamili. Na ukisafiri kwa barabara ya Mombasa, pitia hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926. Wasafiri wa dini zote hupewa chakula bila malipo. Wewe utatakiwa kuvua viatu na kufunika kichwa, basi.

Nisemalo ni kwamba mwaliko ni lazima uende na urudi. Wewe mwanafunzi, muulize mwenzako darasani sikukuu ya kwao ina maana gani, nawe mweleze ya kwenu. Wewe mzazi, mtoto akialikwa, fuatana naye ujionee kabla ya kukataa. Nawe msomaji wa asili ya Kihindi, maana najua mpo mnaosoma ukurasa huu, Diwali ijayo usimpe mlinzi kisanduku cha peremende langoni na kumuaga. Mkaribishe ndani na familia yake, aone rangi zilizochorwa sakafuni na asikie ni kwa nini mnawasha taa. Mtu aliyelinda mlango wako miaka kumi anastahili kujua ndani mna nini.

Haya, malizia chapati yako kabla haijapoa. Tukutane Jumapili ijayo.