Vitabu Havileti Wazimu

Kila mwaka, mitihani ya muhula wa pili inapomalizika vyuoni, mabasi yanayotoka Dar es Salaam na Dodoma hupita Kahama na Nyakanazi, kisha hupanda hadi Kakonko, Kibondo na Kasulu yakiwa na wanafunzi wanaorudi nyumbani. Wengi wao hushuka wamechoka lakini ni wazima. Wachache hushuka wamebadilika: hawalali, hawali, wanasema peke yao au hawasemi kabisa. Wapo pia wanaorudi kabla mtihani haujaanza, bila kumuaga mtu yeyote chuoni. Kwa hao, hukumu ya mtaa haikawii: "Amesoma mno, vitabu vimempanda kichwani." Wengine husema amerogwa na waliomwonea kijicho.

Hukumu zote mbili si za kweli, na zote zina madhara. Anayelaumu vitabu humwachisha kijana masomo hata pale ambapo angeweza kupona na kuendelea. Anayelaumu uchawi humzungusha kwa waganga, na ugonjwa ambao ungedhibitiwa mapema hupewa miezi ya kukomaa. Kusoma hakumtii mtu ugonjwa wa akili. Kinachomdhoofisha mwanafunzi ni kukosa usingizi, kubeba hofu peke yake na kunyamaza. Wahudumu wa afya wa Kibondo na Kasulu, ijapokuwa wako mbali na kumbi za mitihani, wana uwezo wa kumwokoa kuliko wengi wao wanavyodhani.

Lawama kwa vitabu ina chanzo chake. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kuwa nusu ya matatizo ya akili yanayowapata watu maishani huwa yameanza kufikia umri wa miaka 14, na robo tatu kufikia miaka 24. Huo wa pili ndio umri wa chuo kikuu. Ugonjwa na masomo hukutana katika kijana mmoja kwa wakati mmoja, na jamii huona kimoja kimezaa kingine. Lakini kijana wa umri huohuo anayelima maharage Kasulu, ambaye hajagusa kitabu tangu darasa la saba, naye huugua. Ila kwake hakuna mtihani wa kulaumiwa. Ni kweli kwamba kukosa usingizi siku nyingi mfululizo kunaweza kuamsha ugonjwa kwa mtu ambaye tayari ana mwelekeo wa kuupata. Basi tatizo hapo ni kukesha, wala si elimu.

Mtoto wa Kibondo huanza maisha kwa Kiha, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Anayeona lugha ya kitabu ni nzito hukimbilia kukariri, kwa kuwa maneno yaliyokaririwa hayahitaji kueleweka. Hutafuta desa, yaani muhtasari unaopita mkono kwa mkono, hulisoma mara tano au sita, na katika wiki ya mwisho hukesha nalo. Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Kwa hiyo wiki mbili hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa miezi kadhaa. Nyuma ya mwanafunzi huyo kuna mkopo wa Bodi ya Mikopo, mbuzi waliouzwa, na wadogo zake wanaosubiri naye amalize ili awasomeshe. Neno "kudisko", yaani kufukuzwa kwa kufeli, husikika mabwenini kama tangazo la msiba.

Njia hiyo ya kusoma humchosha mwanafunzi na isimpe anachokitafuta. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma tena. Kundi la pili lilikiweka kando na kuandika lilichokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 81, na waliojipima asilimia 75. Baada ya wiki moja matokeo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Hapo ndipo desa linapodanganya. Usiku huu msomaji huhisi amelimeza lote. Wiki ijayo, mbele ya karatasi ya mtihani, halipo. Kufunga daftari na kujiuliza maswali, kuandika majibu bila kuchungulia, kisha kurudia zoezi hilo baada ya siku kadhaa, hakuhitaji fedha wala intaneti. Kunahitaji kuanza mapema.

Usingizi nao ni sehemu ya kusoma. Mtu anapolala, ubongo hupanga na kuimarisha yale aliyojifunza mchana. Asiyelala huwa amevuna na kuacha mazao shambani. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa utendaji kwa kiwango sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufikia hali hiyo saa tano usiku. Anayekesha hadi alfajiri kisha akaingia katika chumba cha mtihani hana tofauti kubwa na mlevi aliyepewa kalamu. Kahawa kali na vinywaji vya kuongeza nguvu haviondoi deni hilo. Huliahirisha tu, na takriban saa tano baada ya kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini ikizuia usingizi. Kijana anahitaji saa saba hadi tisa za kulala, hata katika wiki ya mitihani, na hasa katika wiki hiyo.

Kwa wenye magonjwa ya kudumu, kukesha huleta hatari kubwa zaidi. Mwenye kifafa anaweza kuanguka kwa sababu ya usiku mmoja usio na usingizi. Mwenye kisukari anayeruka milo ili aokoe muda, na mwenye selimundu anayesahau kunywa maji, wanaweza kuufikia mtihani wakiwa wodini. Wagonjwa hawa wakija likizo kuchukua dawa Kibondo au Kasulu, ni vema tabibu awaulize tarehe ya mitihani yao na kupanga nao mapema.

Sasa afike zahanati yule kijana asiyelala. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo ni sawa kuanza na kipimo cha malaria, kwani homa inayoathiri ubongo inaweza kufanana na ugonjwa wa akili. Kosa ni kuishia hapo. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, asirudishwe nyumbani na dawa za maumivu au vidonge vya usingizi. Aulizwe, faraghani na bila haraka: analala saa ngapi, na tangu lini? Anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Anatumia kilevi au dawa yoyote ya kumweka macho? Amewahi kuona ni afadhali afe? Swali hili la mwisho huogopwa, lakini kuuliza hakupandikizi wazo. Humpa nafasi ya kusema anayelibeba tayari. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya watu wa umri wa miaka 15 hadi 29. Atakayejibu ndiyo asiachwe peke yake, na apewe rufaa siku hiyohiyo.

Familia nyingi hudhani rufaa ya namna hii maana yake ni safari ya Mirembe, Dodoma, na aibu isiyofutika. Sivyo. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza, kupitia programu yake ya afya ya akili, kwamba wahudumu wasio mabingwa wafundishwe kutibu magonjwa haya katika ngazi za chini. Wagonjwa wengi wanaweza kuanza matibabu karibu na nyumbani, na wengi wa waliotibiwa mapema hurudi darasani.

Ili arudi darasani, hata hivyo, lazima nafasi yake iwepo. Hapa ndipo kalamu ya tabibu ina uzito sawa na dawa. Taratibu za vyuo huruhusu mwanafunzi mgonjwa kuahirisha mtihani au mwaka wa masomo, mradi ugonjwa uthibitishwe kwa maandishi na chuo kijulishwe kwa wakati. Anayetoroka kimya huhesabiwa mtoro, na anayefanya mtihani akiwa mgonjwa kisha akafeli huona ugumu kujitetea baadaye. Kwa hiyo tabibu asimalize kazi kwa kuandika dawa pekee. Aandike pia barua yenye tarehe, muhuri na muda wa mapumziko unaopendekezwa, bila kumwaga siri za mgonjwa zaidi ya inavyohitajika, na amhimize mzazi kuifikisha chuoni kabla mtihani haujapita. Karatasi moja inaweza kuokoa miaka mitatu ya masomo.

Watakuwapo watakaosema kizazi kilichotangulia kilisomea kibatari na hakikulalamika. Waliomaliza ndio wanaosimulia. Waliorudi kijijini na kufichwa ndani hawakupata wa kuwasimulia. Wala hakuna anayeomba mitihani irahisishwe. Tabibu, muuguzi na mwalimu lazima wapimwe, kwa kuwa maisha ya watu yatakuwa mikononi mwao. Vyuo navyo vina wajibu wa kuwa na washauri wanaofikika na ratiba isiyorundika mitihani siku moja.

Mzazi wa Kibondo au Kasulu hawezi kupanga ratiba ya chuo, lakini anaweza kupanga maneno yake. Simu inayouliza kila jioni "Utafaulu?" huongeza mzigo, inayouliza "Umekula? Unalala?" huupunguza. Mtoto aambiwe mapema, kabla ya matokeo, kwamba mlango wa nyumbani utakuwa wazi hata akifeli. Na akirudi amebadilika, asifungiwe chumba cha uani wageni wakipita. Mficha maradhi kifo humuumbua. Apelekwe zahanati asubuhi inayofuata, na daftari zake zitunzwe, kwa maana huenda akazihitaji tena.