Wazee wa Geita Waulizwe Sasa

Katika machimbo ya dhahabu ya Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wamekusanyika vijana wa kila pembe: Wasukuma, Wazinza, Waha, Wakerewe. Tulipopita huko tulizungumza nao habari za ukoloni. Wengi walimjua Kinjikitile na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, maana waliyasoma shuleni. Tulipowauliza juu ya Geita ya mwaka 1958, kijana mmoja mzaliwa wa huko huko alidhani twamuuliza habari za mgodi.

Hatumlaumu. Hakuna aliyemsimulia.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imebuni halmashauri za mseto wa rangi. Geita ilikuwa wilaya ya wakulima wa pamba na wafugaji; Wazungu na Waasia waliokaa humo walikuwa wachache mno, lakini walipewa viti barazani kwa sababu ya rangi yao. Neno mseto lilikuwa tamu masikioni. Maana yake ilikuwa kwamba Mwafrika, mlipa kodi na mwenye ardhi, hakuaminiwa kutawala hata wilaya yake mwenyewe. Na jambo hili liliwakuta wananchi wakiwa wamekwisha kuchoshwa na amri za kupunguza mifugo na za kulima kwa matuta, ambazo asiyezitii alitozwa faini. Adha hiyo haikuwa ya Geita peke yake. Shirikisho la Usukuma, lenye makao yake Malya, liliziunganisha Geita na Shinyanga, na wenyeji wa upande wa Mwakitolyo waliionja vilevile.

Mwaka 1958 maelfu ya wananchi wa Geita waliacha mashamba yao wakaenda Mwanza, kumwambia mkuu wa jimbo kwamba halmashauri hiyo hawaitaki. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi na virungu. Baadhi walikamatwa. Hata hivyo haukupita muda mrefu serikali ikaiacha sera ya kuwalazimisha wananchi kupokea halmashauri za namna hiyo.

Hapa sisi wa Chama tuna lawama yetu. Twapenda kuisimulia historia ya uhuru kana kwamba yote ilitoka Dar es Salaam. Kila mwanafunzi husoma Uamuzi wa Busara wa Tabora wa Januari 1958, TANU ilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, yaani kura ya Mwafrika, ya Mwasia na ya Mzungu. Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na hatuurudii hapa ili kuutia dosari. Lakini mwaka ule ule wakulima wa Geita waliukataa mgawo wa viti kwa rangi, na waliukataa bila ofisi ya kuwaelekeza, kwani TANU ilikuwa imenyimwa ruhusa ya kufanya kazi Usukumani tangu mwishoni mwa 1954. Watu hao wanastahili zaidi ya sentensi moja katika vitabu vyetu.

Kitabu kikubwa juu ya mambo haya, cha Andrew Maguire, kilichapwa Cambridge mwaka 1969, kwa Kiingereza. Twamshukuru. Lakini mengi tunayotaka kuyajua hayawezi kupatikana humo. Kati ya Geita na Mwanza pana ghuba. Ni nani waliowavusha waandamanaji? Mitumbwi ilikuwa ya nani, na nauli ililipwa na nani? Walipolala Mwanza, ni nani waliowapikia? Ndugu zetu wa Kome, Maisome na Ukerewe, ambao ziwa ni barabara yao, huenda ndio wenye majibu. Leo ghuba hiyo yavukwa kwa daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lenye urefu wa kilometa 3. Twapendekeza jiwe la kumbukumbu ya mwaka 1958 liwekwe hapo, liandikwe kwa Kiswahili.

Lakini jiwe laweza kusubiri. Aliyekuwa na miaka 20 siku ile sasa amepindukia miaka 85, na kila masika twazika baadhi yao. Maafisa utamaduni wa Geita, Sengerema, Buchosa na Ukerewe waanze mwezi huu huu, wakiwa na kinasa sauti na subira. Tena wasiende na msafara wa magari na askari. Mzee aliyepigwa virungu na dola hatafungua kinywa mbele ya sare.