Nenosiri Halina Kosa, Acheni Kulibadilisha!

Haya wadau, leo sina utani. Jambo hili nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na nikizidi kunyamaza nitakuwa mshirika wa dhambi. Barua pepe ikigoma kufunguka kwenye kompyuta, kitu cha kwanza anachofanya fundi wetu wa mtaani ni kubadilisha nenosiri. Ikigoma tena, anabadilisha tena. Ikigoma mara ya tatu, anafuta programu nzima na kuiweka upya, halafu ananyoosha mkono alipwe. Nasema hivi: huo si ufundi, ni kupiga ramli.

Ngoja niwape kisa. Hapa kwetu Majengo nina jirani, mzee mmoja anayeuza mitumba Gikomba. Anaagiza marobota kwa kushirikiana na wenzake, na ankara, makubaliano ya bei na hati za mzigo vyote humjia kwa barua pepe. Wanaofanya biashara hii wanajua: kontena likifika Mombasa na hati huna, siku za bure zikiisha gharama za bandarini zinapanda kila kukicha. Kwa hiyo barua pepe kwake si mchezo. Ni duka lenyewe.

Jioni moja akapiga hodi kwangu. "Kijana wangu," akasema, "hii mashine imenikana. Inaniambia nenosiri si langu, na mimi ninalitumia tangu kitinda mimba wangu hajaingia shule."

Shida ni kwamba alikuwa amepitia kwa fundi kwanza. Fundi alibadilisha nenosiri mara mbili. Kampuni inayohifadhi barua ikaona vurugu, ikaifunga akaunti kwa muda. Fundi akaona isiwe tabu, akaifuta programu pamoja na folda yake yote. Mzee alikuwa anatumia POP, na mashine yake ilipangwa kuteremsha barua bila kuacha nakala kwenye seva. Barua za miaka minne, kwaheri! Na humo ndimo ulimokuwa ushahidi wa malipo ya awali aliyokuwa akibishana nayo na muuzaji wake wa ng'ambo.

Nilipouliza vizuri nikaambiwa kwamba siku ile ile mashine ilipogoma, mwanawe aliingia kwenye akaunti kupitia kivinjari pale saiba, kwa nenosiri lile lile la zamani, ikafunguka bila tatizo. Maana yake nenosiri lilikuwa sahihi tangu mwanzo! Kilichobadilika ni njia ya kuingilia: kampuni ilikuwa imefunga njia ya zamani. Nikabadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio ya barua zinazoingia na mwingine kwenye zinazotoka. Dakika kumi. Barua mpya zikaanza kumiminika. Za zamani hazikurudi, na madai yake mzee amelipwa nusu tu.

Sasa tueleweshane. Zamani programu ya barua ilikuwa inapeleka jina na nenosiri lako kwa seva kila inapoingia, na nenosiri lenyewe ilikuwa inalihifadhi. Wanaozijua nyumba zetu za Majengo, zile za ukumbi mmoja katikati na vyumba huku na huku, watanielewa: ni kama kumpa mpangaji wa chumba kimoja funguo za vyumba vyote. Akiibiwa yeye, mmeibiwa wote.

Njia mpya, OAuth2, kiwango chake kilitolewa mwaka 2012. Wewe mwenyewe unaingia kwenye ukurasa wa kampuni ya barua, halafu programu inapewa tokeni ya kazi yake tu. Kompyuta ikiibwa, unaifuta tokeni hiyo na nenosiri lako linabaki salama. Google ilianza kuifunga njia ya zamani kwa akaunti za watu binafsi tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuifunga kwa akaunti za mashirika tarehe 1 Oktoba 2022, na akaunti za kawaida za Outlook.com zikafuata tarehe 16 Septemba 2024.

Uamuzi huo siupingi, kufuli kuukuu lazima libadilishwe. Ninachopinga ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ufunguo wake ni mbovu wakati wewe ndiye uliyebadilisha kitasa!

Chukua Thunderbird, programu ninayoipenda na kuitumia mwenyewe. Ikishindwa kuingia, inakuletea kisanduku kinachosema kuingia kwenye seva kumeshindikana, na vitufe vitatu: jaribu tena, weka nenosiri jipya, au ghairi. Hebu kitazame kisanduku hicho kwa jicho la mzee wangu. Kati ya dawa zote duniani ameonyeshwa moja tu: nenosiri jipya. Hakuna kitufe cha kukagua njia ya kuingia, wala cha kukagua saa ya kompyuta. Fundi naye anafuata kidole kinakoelekeza. Kidole kinaelekeza shimoni.

Na msiniambie kwamba seva haina namna ya kueleza. Tangu mwaka 2009 upo waraka wa viwango vya intaneti, RFC 5530, unaoipa seva ya IMAP misimbo ya kutaja aina ya tatizo. Upo wa kusema kitambulisho kimepitwa na muda. Upo wa kusema sehemu fulani ya huduma iko chini kwa sasa. Upo wa kusema mawasiliano yenyewe hayajafichwa. Upo hata wa kusema mtafute msimamizi. Lugha ipo, wadau. Wanaozungumza hawataki kuitumia, na wanaosikiliza hawataki kuitafsiri.

Najua watakaonijibu: "Seva ikieleza sana itamsaidia mwizi." Hoja hiyo naiheshimu. Seva ikisema "jina lipo, nenosiri ndilo si sahihi", umempunguzia mwizi nusu ya kazi. Lakini kusema "njia hii imefungwa kwa watu wote tangu tarehe fulani" kunamfaidi vipi mwizi? Hilo ni tangazo la hadharani, limebandikwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe! Anayebaki gizani ni mwenye akaunti peke yake.

Na kabla sijarusha mawe zaidi, nikiri dhambi yangu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika mfumo wa kuhesabu bidhaa wa duka moja. Kwenye ukurasa wa kuingia niliweka ujumbe mmoja kwa makosa yote: "Jina au nenosiri si sahihi." Siku diski ya seva ilipojaa, ujumbe ulikuwa huo huo. Karani wa watu akagombezwa asubuhi nzima kwamba amesahau nenosiri. Sikuwa mkatili. Nilikuwa mvivu, na mtu mwingine akaulipia uvivu wangu. Ndiyo maana nasema kosa hili ni letu sisi waandika programu kabla halijawa la fundi wa mtaani. Yeye angalau hakupewa habari. Sisi tunazo, tunazikalia.

Basi fundi mwenzangu, mteja akikuletea kompyuta iliyogoma barua, fuata mpango huu kabla hujagusa nenosiri:

1. Nakili folda nzima ya barua kwenye diski nyingine, hasa kama mteja anatumia POP. Hiyo folda ni mali ya mtu.

2. Fungua kivinjari, mwache mteja mwenyewe aandike nenosiri lake na aingie. Akiingia, nenosiri ni zima. Liache kama lilivyo. Akiambiwa athibitishe kwamba ni yeye, athibitishe hapo hapo.

3. Tazama saa na tarehe. Mashine nyingi zinazouzwa mjini zilishatumika kwingine, na betri ndogo ya ndani ikiisha, tarehe inarudi nyuma miaka. Hapo programu inavikataa vyeti vya usalama vya seva, na namba za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30, zikitengenezwa kwenye mashine hiyo, hazitakubaliwa.

4. Nenda kwenye mipangilio ya seva, tazama njia ya uthibitishaji. Kama imeandikwa nenosiri la kawaida, badilisha iwe OAuth2. Kisha fanya hivyo hivyo kwa seva ya barua zinazotoka. Wengi wanaisahau hii ya pili, halafu mteja anapokea barua na hawezi kujibu.

5. Futa nenosiri la zamani lililohifadhiwa ndani ya programu, na uruhusu kuki. Kuki zikizuiwa, dirisha la kuingilia linaweza kugoma, na mtadhani ni uchawi.

6. Kama programu ni ya kale haijui OAuth2, iboreshe. Thunderbird inaijua kwa Gmail tangu toleo la 38 la mwaka 2015. Ikishindikana kabisa, Google hutoa nenosiri maalumu la herufi 16 kwa ajili ya programu moja, ila lazima kwanza uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Na laini ya simu utakayoiandikisha iwe ya mteja. Nimeona akaunti za watu zimefungwa kwa laini ya fundi!

Yote hayo yakishindikana, na kivinjari nacho kimelikataa nenosiri, basi hapo tu ndipo ubadilishe.

Nanyi wateja, msione haya kumuuliza fundi: "Seva imesema nini hasa?" Asiyeweza kukujibu asiiguse mashine yako. Usimtajie nenosiri. Liandike kwa mkono wako, yeye akitazama pembeni.

Mzee wangu siku hizi ana nakala ya barua zake kwenye diski ndogo, kaifungia kabatini pamoja na hati za kiwanja. Nilipomwambia nitayaandika haya alicheka, akasema niwaulize mafundi swali moja: mlango ukigoma kufunguka, mnabadilisha mwenye nyumba?

Alamsiki.