Tukihesabu Fulana, Tuhesabu na Watu

Wakenya wenzangu, tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Kifungu hicho kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na kifungo chake kilifika miaka 2. Mgonjwa alitoka wodini akiwaza seli. Sasa woga wa polisi umepungua, lakini woga wa majirani ungalipo, na huo hakuna jaji wa kutuondolea.

Njia ya kusaidiana ipo, wala haihitaji ghorofa. Mwaka 2006, mtaani Mbare, Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina nyanya kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, wakiwa wameketi nao kwenye benchi nje ya zahanati. Nawapongeza zaidi kwa jambo moja: walikubali kupimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, watu 573 wa zahanati 24 walifuatiliwa. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliosikilizwa na nyanya walikuwa kama 14 kwa kila 100. Kwa wale wa huduma ya kawaida, walikuwa 50. Hawakupima vifo, tusiwatwike hilo, ila angalau walijua benchi lao linafanya kazi.

Sisi tumezoea ripoti za semina: waliohudhuria, fulana zilizogawiwa, picha na mgeni rasmi. (Chai nayo haikosi.)

Kwa hiyo kaunti ikiwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, twendeni. Tudai wahudumu wa afya ya jamii wafunzwe kusikiliza, na pawe na daktari wa kuwapokea waliozidiwa. Kisha tuulize: waliokuja mara ya kwanza, wangapi walirudi? Wasiorudi, nani aliwatafuta? Baada ya nusu mwaka, wanalala? Wanafanya kazi? Waliowahi kujaribu kujiua, na waliofiwa hivyo, wakae kwenye kamati ya kusimamia kazi hii wakiwa na kura.

Bajeti ikichelewa, jirani asichelewe. Ukimwona mtu amejitenga, anagawa vitu vyake au anasema yeye ni mzigo kwa wenzake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, ukae naye kwenye foleni mpaka aitwe.