Tahadhari kwa Mameneja: Jedwali la Jioni Linapika Takwimu

Kama wewe ni meneja wa tawi la benki na kila jioni unarusha kwenye kundi la WhatsApp la ofisi jedwali la nani kafikisha tageti na nani hajafikisha, majina ya walioshindwa yakiwa yamepakwa rangi nyekundu, acha leo hii. Usisubiri mwezi ufungwe. Takwimu hupikwa siku za mwisho wa mwezi, na mara nyingi wapishi si wezi. Ni vijana wako waaminifu, waliochoka kuaibishwa mbele ya wenzao.

Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilipita njia hiyohiyo. Wakubwa walitaka kila mteja auziwe huduma nane: akaunti, kadi, mkopo na nyinginezo. Matawi yakabanwa siku hadi siku, na waliokosa wa kumuuzia wakaanza kufungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Gazeti la Los Angeles Times liliandika habari za presha hiyo mwishoni mwa 2013. Tageti zikaendelea. Septemba 2016 benki ikatozwa dola milioni 185, ikiwa imeshawafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 katika miaka kama mitano, na mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu, John Stumpf, akaachia ngazi. Mwaka 2020 ikakubali kulipa dola bilioni 3 nyingine. Miaka yote hiyo walifukuza watu, lakini tundu halikuzibika, kwa kuwa tageti yenyewe haikuondolewa mpaka kashfa ilipolipuka.

Kwa hiyo ukisikia wawili watatu wamenaswa wakichakachua, usikimbilie barua za kuachisha kazi. Tazama kwanza wewe ulidai nini. Kagua akaunti zilizofunguliwa siku tatu za mwisho za mwezi uliopita: ngapi zimewahi kuingiziwa hata shilingi? Mtu aliyekuwa nyuma wiki tatu akaibuka kinara siku ya mwisho, usimpigie makofi kabla ya kumuuliza kwa upole amefanyaje. Na kikao kikipita bila hata mmoja kulalamika, hapo ndipo pa kuogopa zaidi. (Mabosi wengi hukiita kikao kizuri.)

Kuna na hizi meseji za saa nne usiku, "nataka maelezo". Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada zina malipo yake. Anayejibu meseji yako kitandani yuko kazini.

Aliye kwenye nyekundu mwite pembeni, mlango umefungwa, umuulize wateja wanamwambia nini. Tageti ya mwezi ujao ipange pamoja na wanaokaa kaunta. Na kama makao makuu wamekukabidhi namba isiyofikika, piga simu wewe mwenyewe uwaambie, kabla ya tarehe 25.