Choo cha Uvira, ndagala ya Salamabila
Ndagala tunazonunua huku Salamabila zinatoka ziwani Tanganyika, kwa njia ya Misisi. Basi maji machafu ya miji ya kule yanatuhusu. Bujumbura iko na mabasini ya Buterere: maji yanatulia, uchafu unashuka chini. Wakreseri wanajua kazi hiyo. Lakini si nyumba zote zimeunganishwa na mabomba. Uvira na Kalemie hata basini moja hakuna, na kolera inarudi kila mara. Tena Kongo yetu ilitia sahihi mkataba wa kulinda ziwa mwaka 2003, pamoja na Burundi, Tanzania na Zambia! Ziwa linatokea mto mmoja tu, Lukuga. Kinachoingia kinakawia sana humo. Na samaki wengi wanazaa pembeni, palepale mifereji inapomwaga. Tuwaulize wabunge: basini ya Uvira, lini?